Sura ya Nne: Mgongo Ulale Kwanza

Tarehe 16 Desemba 1994, mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, mwanamieleka wa Kimarekani aitwaye Dan Severn alimkumbatia Royce Gracie na kumwangusha chini. Severn alikuwa na zaidi ya kilo 110. Royce, kijana wa Kibrazili aliyevaa kimono cheupe, hakufika hata kilo 85. Walipotua chini mkubwa akawa juu na mdogo chali, na kwa mtu aliyezoea kutazama mieleka hapo hapakuwa na la kusubiri tena isipokuwa mwamuzi ahesabu.

Hakuna aliyehesabu. Dakika zikapita, Severn yuko palepale katikati ya miguu ya Royce, anasukuma, anabana, anapumua kwa nguvu, wala haendi popote. Pambano lilipokaribia dakika ya 16 miguu ile ikapanda taratibu: mmoja ukalala juu ya shingo yake, mwingine ukaufunga ule wa kwanza kama kufuli, na yule jitu akagonga kukubali kwamba ameshindwa. Watazamaji wengi waliolipia matangazo nyumbani hawakuuona mwisho wenyewe, kwa sababu muda wa matangazo ulikwisha kabla ya pambano.

Severn hakupungukiwa nguvu, na ujuzi wa mieleka alikuwa nao wa kutosha kuwafundisha wengine. Alichokosa usiku ule ni kitu ambacho siku hizi mwanafunzi wa mkanda mweupe wa jiu-jitsu ya Kibrazili huanza kufundishwa wiki zake za mwanzo: namna ya kutoka katikati ya miguu ya mtu aliyelala chali na kufika ubavuni kwake. Huko ndiko kupita gadi, na sura hii nzima ni ya jambo hilo moja.

Gadi ni hali ya mtu aliye chini ambaye miguu yake bado iko kati yako na kiwiliwili chake. Akikuzungushia miguu kiunoni na kufunga vifundo nyuma ya mgongo wako, hiyo ni gadi iliyofungwa. Akivifungua na kuweka nyayo kwenye nyonga zako, au goti kifuani kwako, au akausokota mguu wake kwenye mguu wako, ni gadi iliyo wazi, na aina zake hazina idadi kwa sababu kila mwaka kuna kijana mahali fulani anayebuni nyingine. Akiwa ameunasa mguu wako mmoja tu, ni nusu gadi. Sheria za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IBJJF, zinakupa pointi 3 ukiipita gadi na kumdhibiti mwenzako kwa sekunde 3. Ukiwa wewe ndiye uliye chini ukampindua aliye juu, unapata 2. Aliyepanga hesabu hiyo alijua ipi kazi ngumu zaidi.

Chimbuko la mchezo wenyewe liko Japani. Jigoro Kano alianzisha Kodokan, shule ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882. Mmoja wa watu waliotoka shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914 na baadaye akaweka makazi Belém, kaskazini mwa nchi, ambako alimfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie. Carlos akawafundisha wadogo zake, akiwemo Hélio. Kwenye judo ya mashindano, kumtupa mtu akatua barabara kwa mgongo kunamaliza pambano, hivyo mtu aliye chali ameshashindwa. Wabrazili hawakuishia hapo. Mapambano yao mengi yaliendelea mpaka mmoja akubali, na mtu mwepesi aliyeangushwa na mtu mzito ilimbidi atafute namna ya kuishi akiwa chini. Gadi ikakua kutokana na shida hiyo. Na gadi ilipokua, ikabidi aliye juu naye asomee namna ya kuipita.

Turudi sasa kwako, ambaye umenunua kimono juzi na bado unajifunga mkanda ukitazama video. Mwalimu amekupanga na mama wa makamo mwenye mkanda wa bluu, mwepesi kuliko wewe kwa kilo ishirini au zaidi. Amelala chali, ameweka nyayo zake nyongani mwako, anakutazama bila wasiwasi. Unashika mguu mmoja, unausukuma kando, unakimbilia kifua chake. Unapofika goti lake limeshafika kabla yako. Unalisukuma goti, unyayo umerudi nyongani. Unasukuma unyayo, mkono wako umenaswa. Baada ya dakika tatu vidole vyako haviwezi kukunjika, jasho linakudondoka kidevuni, na yeye bado anapumua kwa pua.

Kinachokushinda hapo ni kwamba unatazama miguu. Ndiyo iliyo mbele ya macho yako, ndiyo inayokusukuma, kwa hiyo unapigana nayo, mikono yako miwili dhidi ya miguu yake miwili. Mashindano hayo huyawezi, maana misuli ya paja na makalio ni mikubwa kuliko ya mkono kwa kila binadamu, awe mama wa makamo au Dan Severn. Miguu hufuata nyonga zinakoelekea, na nyonga zinaweza kwenda popote mradi mgongo haujalala wote. Mtu aliyelalia ubavu, bega moja limeinuka kutoka kwenye mkeka, anaweza kuchepua nyonga zake nyuma hatua moja, na pengo hilo dogo linatosha kurudisha goti ndani. Mtu huyohuyo ukimlaza mabega yote mawili mkekani na uzito wako uko juu yake, miguu yake inabaki kurusharusha hewani. Bado anayo miguu yote miwili, ila gadi hana.

Ndiyo maana mimi husema kwamba kocha anayemwambia mgeni apite miguu amempa nusu ya habari. Nusu nyingine ni bega. Unapopita, jicho lako moja liwe kwenye bega lake la mbali. Likiwa limeinuka, hujapita, hata kama miguu yake yote iko nyuma yako. Likishalala na likabaki limelala, kazi ngumu imekwisha, hata kama unyayo wako mmoja bado umenaswa.

Mbinu nitakayokaa nayo ni moja, nayo ni mkato wa goti. Nimeichagua kwa kuwa inaonyesha jambo hili la bega waziwazi kuliko nyingine yoyote, na kwa kuwa utaikuta kuanzia darasa la wanaoanza hadi fainali za ubingwa wa dunia. Tuchukulie gadi imeshafunguka. Kuifungua ile iliyofungwa ni somo jingine, la kuinuka mgongo ukiwa umenyooka na kusukuma goti mpaka vifundo viachane, na halihitaji maneno mengi ila uvumilivu na shingo ngumu. Neno moja tu la tahadhari: ukiwa mle ndani, usiache mkono mmoja katikati ya miguu yake na mwingine nje. Severn anajua kwa nini.

Sasa umesimama, magoti yamekunjwa kidogo, naye yuko chali mbele yako. Kwa mkono wako wa kushoto shika kitambaa cha suruali yake kwenye goti lake la kulia, kwa nje. Kunja kitambaa ndani ya ngumi. Vidole visiingie ndani ya mdomo wa suruali. Sheria inakataza, na hata kama isingekataza, vidole vilivyonasa humo ndivyo huteguka. Mkono wa kulia ushike kola yake upande wake wa kushoto, karibu na shingo. Sasa lisukume lile goti lake chini kuelekea mkekani, na papo hapo uingize mguu wako wa kulia katikati ya miguu yake, goti lako likielekea kushoto kwako. Muundi wako wa kulia unakuja kulala juu ya paja lake la kulia, umelikingama.

Hapo pana jambo la kuhisi mwilini kabla ya kuendelea. Uzito wako uko wapi? Wengi wanaoanza huuweka kwenye mikono, wakawa kama wanapiga pushapu juu ya mtu. Utoe mikononi uupeleke kwenye muundi. Mguu wako wa kushoto ubaki nyuma na mbali, vidole vya mguu vimekita mkekani, na kwa kusukuma vidole hivyo unaupeleka uzito wote mbele kupitia goti. Ukifanya sawasawa, mwenzako atakunja uso, kwa sababu mfupa wa muundi juu ya nyama ya paja unauma. Hujamkosea. Ila ukiona anakunja uso kwa sababu goti lake linapinda upande ambao goti halipindi, simama mara moja, mrudishe mahali pake, muanze upya. Hakuna pointi 3 za mazoezini zinazolingana na miezi ya kuchechemea.

Sasa bega. Mkono wako wa kulia uache kola uchimbe chini ya kwapa lake la kushoto, kiganja kikatokea nyuma ya bega lake. Mkono wa kushoto uache suruali udake mkono wa kulia wa kimono chake, kwenye kiwiko, uuvute juu kama unayemsaidia mtu kunyanyuka. Mikono hii miwili inafanya kazi moja. Kwapa likishachimbwa hawezi tena kukugeukia kwa ule ubavu wa kushoto, na kiwiko kikishavutwa juu hawezi kukitumia kujiegemeza wala kukusukuma. Shusha kifua chako juu ya kifua chake na mgongo unalala wenyewe. Tangu hapo miguu yake inaweza kufanya itakavyo.

Kumbe kukata kwenyewe ndiyo sehemu rahisi. Goti lako la kulia linateleza juu ya paja lake mpaka liguse mkeka upande wa pili, ubavuni kwake kulia. Halipandi juu, linateleza chini na mbele, likielekea kwapani kwake. Nyonga yako ya kulia inafuata na kukaa chini karibu na mbavu zake. Unyayo wako wa kulia ndio wa mwisho kutoka, na huo ndio ataung'ang'ania kwa vifundo vyake vyote viwili. Mwache aung'ang'anie. Kosa la kila mwaka, kila darasa, ni mtu kufika hapa salama, akauona unyayo wake umenaswa, akageuza kichwa kuutazama, akainua kifua ili auvute. Kifua kikiinuka bega linainuka. Bega likiinuka nyonga zinachepuka. Na goti la yule mama limeshafika kabla yako. Kaa juu yake, mzito. Kwa mguu wako wa kushoto sukuma goti lake la juu taratibu, na unyayo utatoka bila haraka.

Ukishatoka, hesabu sekunde tatu kimoyomoyo kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Waanzaji husherehekea mapema. Wanafika ubavuni, wanashusha pumzi, wanafikiria wakabe wapi, na katika kufikiri huko mwenzao amechepua nyonga na gadi imerudi. Mwamuzi hakupi kitu kwa kupita njiani. Anakupa kwa kufika na kukaa.

Anayekuzuia ana silaha mbili kubwa dhidi ya mkato huu, na utakutana nazo siku hiyohiyo ya kwanza. Moja ni goti lake la kushoto, analoliweka kifuani kwako kama ngao unapoanza kuteleza. Ukilisukuma kwa mkono umerudi kwenye vita vya mikono na miguu. Lililo jema ni kurudi hatua moja, kushika magoti yote mawili, kuyatupa upande mmoja na kuzunguka upande mwingine. Na akijitahidi kuyarudisha, mara nyingi atakufungulia ule mkato ulioukosa mwanzoni. Silaha ya pili ni lile kwapa. Akikuwahi, mkono wake wa kushoto ukachimba chini ya kwapa lako la kulia kabla wako haujachimba lake, atatoka pembeni na kupanda mgongoni kwako, na mgongoni ni pointi 4 kwake pamoja na shingo yako. Ikitokea hivyo usiendelee kukata kwa ukaidi. Bana kiwiko chako, lala juu ya mkono wake, urudishe ule ugomvi wa kwapa kwanza. Mwenye kwapa ndiye mwenye haki ya kukata.

Anayetaka kuiona mbinu hii ikifanywa na fundi, atafute mapambano ya Leandro Lo. Alizaliwa São Paulo mwaka 1989 na kufunzwa katika mradi wa kijamii wa mwalimu Cícero Costha. Alichukua ubingwa wa dunia mara 8, kuanzia mwaka 2012 katika uzito mwepesi, kisha akapanda uzito mmoja baada ya mwingine akiwashinda watu waliomzidi umbo. Mwezi Agosti 2022 alipigwa risasi na kuuawa São Paulo, akiwa na miaka 33, miezi miwili hivi baada ya kutwaa ubingwa wake wa mwisho. Wanaomtazama husifu kasi yake, na kweli alikuwa nayo. Mimi naomba umtazame akiwa anashindwa. Anakata kulia, goti linazuiwa, anatupa miguu kushoto, unyayo unarudi, anakata tena. Hakasiriki wala halazimishi. Kila jaribio linamfanya mpinzani ageuke kidogo, na katika kugeukageuka kuna dakika ambayo mgongo wote umelala mkekani kwa bahati mbaya. Lo alikuwa akiingoja hiyo.

Wala usidhani lazima uwe mwepesi kama yeye. Bernardo Faria, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015 katika uzito mkubwa na pia katika daraja lisilo na mipaka ya uzito, alipita gadi kwa njia iliyo kinyume kabisa: mkono mmoja juu ya paja, mwingine chini ya paja la pili, bega limezama tumboni kwa mpinzani, na anatembea polepole kuzunguka kama mtu asiye na miadi. Kasi haipo. Lakini ukitazama mgongo wa aliye chini utaona yaleyale: umelala, nyonga zimefungwa, miguu haina mwenyewe. Mtu mnene mwenye magoti mabovu na apende njia ya Faria, hakuna atakayemlaumu.

Kuhusu mazoezi nina msimamo, na makocha wengine watanipinga. Kurudia mbinu kwa mtu aliyelala kama gogo kunafaa kwa dakika tano, ili mwili ujue goti linapita wapi. Zaidi ya hapo unajifunza kupita gogo. Mwombe mwenzako aanze na kazi moja tu, ya kulilinda bega lake lisilale, bila kukukaba wala kukupindua. Wewe kazi yako iwe ni kulilaza. Mkishazoea, mruhusu atumie goti la ngao. Kisha kwapa. Mwishoni mpigane kweli, ila kwa sharti: ukipita mnaanza upya, na akikupindua au akikukaba mnaanza upya pia, palepale kwenye gadi. Kwenye pambano la kawaida la dakika sita unaweza kumaliza bila kuipata nafasi ya kupita hata mara moja. Kwa utaratibu huu unaipata tena na tena, na kila mara ukijua kilichoharibika ni bega, kwapa, au papara yako mwenyewe.

Kisha mbadilishane, na usikubali kuruka zamu hii hata ukiwa umechoka. Lala wewe chini, mwenzako akate. Utasikia muundi wake unavyopanda pajani, utajua ni sekunde gani hasa bado ungeweza kuchepuka na ni ipi ulichelewa, na utagundua kwamba kiwiko kilichovutwa juu kinakera kuliko uzito wote wa kifua. Ukirudi juu, anza na kiwiko hicho.